Kompyuta Iliyorudi Mwaka 2012
Kwa siku tatu mfululizo kompyuta yangu ya mezani ilikataa kufungua barua pepe na tovuti ya benki, ilhali simu iliyotumia Wi-Fi ileile haikuwa na tatizo lolote. Nilizima ruta na kuiwasha tena, nikabadilisha waya, nikamlaumu mtoa huduma, ambaye leo nakiri hakuwa na kosa. Kilichonishangaza ni kwamba nilipotuma amri ya ping, inayopima kama kompyuta nyingine inajibu, kwenda 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google, majibu yote manne yalirudi, maana yake njia ya kwenda kwenye intaneti ilikuwa wazi. Ndipo nikausoma ujumbe wa kivinjari ambao kila mara nilikuwa nikiufunga kwa haraka: cheti cha usalama cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa tovuti ni halisi, kilikuwa hakijaanza kutumika. Nikatazama saa pembeni ya skrini, nikakuta tarehe imerudi Januari 2012. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, hivyo kompyuta inayodhani iko mwaka huo huvikataa vyeti vya leo. Betri ndogo ya CR2032, inayotunza saa umeme unapokatika, ilikuwa imekwisha. Niliibadilisha, nikarekebisha tarehe, na tovuti zikafunguka.