Siku moja kwenye ukindu, ukili na sufuria ya mdaa

Saa 11:30 alfajiri

Ukindu, majani ya mkindu tunayosukia mikeka na vikapu, unapenda umande. Chane, yaani vipande vyembamba vya ujani uliopasuliwa, zikilala penye unyevu huwa laini na hazikatiki mkononi, ndiyo maana wasukaji wa zamani huku kusini Unguja wakishasali alfajiri hawarudi tena kitandani. Mimi siku za mvua hurudi, sina haja ya kudanganya. Leo kumekucha kukavu, basi nafunua kitambaa kibichi nilichofunikia fungu la jana na kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, mweupe, mwembamba, usio na mapambo, mpaka chai iwe tayari. Kwa ukili wa namna hii vidole vinatosha. Macho yanaweza kuendelea kusinzia.

Saa 1 asubuhi

Tunashuka bondeni na mwalimu wangu. Namwita Bibi ingawa hatuna undugu wa damu. Ni jirani tu, na alikubali kunifundisha kwa sharti kwamba nisimharakishe. Shikamoo, marahaba, kisha anatangulia na kisu chake.

Mkindu unataka penye majimaji. Mkoche, unaotupa miyaa, majani mengine ya kusukia, wenyewe unastahimili mchanga na mawe, kwa hiyo siku ya ukindu na siku ya miyaa si siku moja. Kinachokatwa ni kuti changa la katikati, lile lililosimama wima limejifunga kama mwavuli. Likishafunguka na kupigwa na jua linakuwa gumu, na halitoi weupe unaotakiwa. Bibi hulipapasa kwanza kwa kiganja ndipo akate, maana chini ya kuti la mkindu majani yamegeuka miiba, na miiba hiyo haijali umeanza kazi lini.

Kila shina tunachukua kuti moja, na lililokatwa karibuni tunalipita. Mkindu huota kichaka, mashina mengi pamoja, kwa hiyo unavumilia kukatwa kuliko minazi. Lakini kila apitaye akikata kila kichipukizi, kichaka hudhoofu, na kisu kikishuka mpaka kwenye moyo, shina hilo limekwisha. Nilidhani ningeanza kwa kufundishwa kusuka. Nilianza kwa kufundishwa kuacha.

Saa 3 asubuhi

Makuti ya leo yanaanikwa. Yatakaa juani siku kadhaa mpaka yawe meupe, na tukisikia ngurumo tu tunayakimbilia, maana yakinyeshewa huingia ukungu na madoa yake hayatoki. Tunashughulika na ya juma lililopita, yaliyokwisha kukauka.

Sasa kuchana. Unashika ujani, unaondoa ukingo wake mgumu wa huku na huku, halafu unaupasua kwa ncha ya sindano ukifuata mshipa wake mwenyewe. Sindano ikienda kombo usiilazimishe. Rudi nyuma, anza upande wa pili. Kila chane lazima ilingane na mwenzake, kwa sababu ukili wenye chane nene moja huvuta upande na mkeka wake haulali chini hata ukiukalia mwaka mzima. Bibi hapimi kwa kitu chochote. Huzipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, na isiyofaa anaitupa pembeni bila kuitazama. Zilizotupwa si hasara, zinakwenda kushonea.

Saa 4:30 asubuhi

Hapa ndipo penye kiini cha siku yangu. Wasukaji wapo. Pita vijiji hivi jioni utawaona barazani, wakubwa kwa wadogo. Wanaojua sufuria, yaani kutia ukindu rangi, ndio wanaopungua, na ujuzi huo ndio niliokuja kuutafuta.

Mizizi ya mdaa, mti wa kutolea rangi nyeusi, ilichimbwa jana, ile ya pembeni tu, ule mkuu ukaachwa ardhini. Tunaiparua, tunaitwanga kwenye kinu, tunaitia majini na kuiweka mafigani. Maji yanageuka kahawia yenye wekundu. Ukindu unazamishwa, jiwe juu yake usielee, kisha ni kungoja na kuchochea kuni. Ukitoka mapema unapata kahawia ya kupendeza tu. Bibi anataka nyeusi.

Basi anachota kwenye kopo lake misumari yenye kutu na kuitumbukiza. Ukakasi ule wa mizizi, unaokausha ulimi ukionja, ni tanini. Ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Unaiona rangi ikibadilika mbele ya macho: kwanza kingo za chane, halafu katikati, mpaka sufuria nzima imekuwa kiza. Ila kuna mpaka wake. Chuma kikizidi kinaula ukindu wenyewe, na mkeka unaoonekana mzuri leo utakuja kukatikakatika penye mistari myeusi peke yake. Bibi anavuta chane moja, anaifunga fundo, anaikaza. Haikatiki. Anaiopoa misumari.

“Umetia mingapi?” namuuliza, daftari mkononi.

“Ya kutosha.”

Sufuria ya pili ni magome ya mkoko. Mikoko inalindwa kisheria, kwa hiyo hatuendi kuibandua. Tunaokota magome yanayobaki pale mafundi wanapomenya boriti. Yanatoa wekundu uliopoa, na hauondoki upesi. Manjano ni hadithi nyingine. Ukindu ukitoka kwenye manjano unang'aa mpaka unataka kuupiga picha, lakini jua likishautembelea mara kadhaa unapauka. Mzingefuri, rangi nyekundu ya mbegu, nao hivyo hivyo. Ndiyo maana Bibi huviweka kwenye vikawa na vitu vya ndani, havitii kwenye mkeka wa kuanikia juani.

Nisieleweke vibaya, simlaumu anayetumia rangi ya unga ya dukani. Inachemka upesi, ina kila rangi ya upinde wa mvua, na mwenye watoto wa kulisha hana asubuhi nzima ya kuchochea mdaa. Lakini ile ya bei rahisi hutoa rangi. Muulize yeyote aliyewahi kukalia mkeka mbichi na kanzu nyeupe.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, chakula, usingizi. Ukindu uko kivulini unakauka polepole, hauna haja nasi.

Saa 10 alasiri

Barazani. Wanakuja majirani, kila mmoja na fungu lake, na habari za kijiji zinasukwa humo humo. Leo naunganisha nyeusi na nyeupe kwa mara ya kwanza kwenye ukili mpana. Ugumu si mapambo, ugumu ni kuunga: chane moja inapokaribia kwisha unachomeka nyingine ya rangi ile ile chini yake, mahali pale pale zamu yake inapopita, la sivyo mstari unavunjika na kila mtu barazani anakuonyesha. Vincha vinavyochomoza vitakatwa baadaye.

Ukili tunaupima kwa mwili: shibiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima. Pima ya Bibi na pima yangu hazilingani, basi mkeka wake unapimwa kwake na wangu kwangu. Yeye leo anashona. Ukili unazungushwa, ukingo kwa ukingo, na shazia, sindano nene ya kushonea mikeka, inapita ndani ya mapindo kiasi kwamba uzi hauonekani juu wala chini. Nimelala kifudifudi kuutafuta. Sikuuona.

Saa 12:30 jioni

Simu kutoka Dar es Salaam. Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, 1 Juni 2019, wengi tulisema sasa zamu ya kikapu. Iliyojaa sokoni ikawa mifuko mingine ya kiwandani, ile inayofanana na kitambaa. Hata hivyo wapo wanaotaka vikapu, na huyu mama anataka vyenye mistari myeusi. Namweleza kuhusu mdaa, kwamba bei itapanda kwa sababu ya siku za kazi. Ananyamaza kidogo. Anasema nimletee viwili vya mdaa, vilivyobaki nitie rangi yoyote ya unga.

Saa 3 usiku

Naandika daftarini: mizizi iliyotwangwa, vibaba viwili, maji, ndoo ndogo moja, misumari, konzi moja ya Bibi. Konzi yake ni ndogo kuliko yangu, kwa hiyo kesho nitaomba misumari ile ile niihesabu kabla haijarudi kwenye kopo. Atanicheka. Kama mdaa wa leo ukikauka mweusi kama ulivyotoka, vikapu viwili vinaanza kusukwa baada ya alfajiri.