Vidole vya nyanya

Machi 4, 2013, mi na nyanya tulitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupiga kura kwenye shule ya msingi ya kijijini kwetu Kilifi. Usiku wa kuamkia siku hiyo askari walikuwa wameuliwa Mombasa na hapahapa Kilifi, mamangu akatusihi tusiende. Nyanya akajifunga leso tu, akasema watu wamekufa 2007 kwa ajili ya hii kura, mi nitakaaje nyumbani.

Foleni ilizunguka shule nzima, tulifika mezani saa sita.

Mwaka huo ndo mashine za vidole zilikuwa zimeletwa, kwa sababu tume ya Kriegler, ile iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilisema daftari la zamani lina wafu kama milioni 1.2, sasa sote tukaandikishwa upya, siku 30 za Novemba na Desemba 2012, picha na vidole. Mi niliipenda sana hiyo mashine, niliona sasa basi, maiti hapigi tena.

Ikamkataa nyanya. Gumba, shahada, mkono wa pili, karani akavipangusa kwa kitambaa akajaribu tena, wapi. Huyu mama amesuka makuti zaidi ya miaka 40, vidole vimelika havina hata mstari. Nyuma kijana akapiga kelele "si mwenyewe huyo!" Nyanya akainamisha kichwa, na hadi leo nikikumbuka naumia.

Karani akasema "Pole nyanya, nipe kitambulisho", akafungua lile daftari la karatasi, akatafuta namba, picha yake hiyo hapo. Mawakala wa vyama wakaangalia mmoja mmoja wakakubali, akapewa karatasi zake sita za kura.

Hatujafika getini leptopu zikaisha chaji, shule haina stima, wote wakarudi kwa karatasi. Watu wakaanza kunong'ona tunaibiwa. Siwalaumu, baada ya 2007 nani asingeogopa? Lakini ni karatasi hiyohiyo yenye picha iliyomwokoa nyanya, kwa hivyo mi nataka vyote viwili viwepo mezani, mashine na daftari.

Chini ya mwembe alikaa jirani yetu. Kitambulisho kilimpotea, kaomba kingine kabla ya Krismasi, kaja na ile karatasi ya kusubiria, wakamrudisha. Jina lake limo daftarini, picha imo.

Nyanya alimsalimia, na kile kidole chenye wino akakificha ndani ya leso.