Siku ya kumi na mbili tangu nirudie dawa

Jana nimelala masaa sita bila kushtuka, ndo nimepata nguvu ya kuandika hii.

Niliacha sertralini mwezi wa 3. Nilikuwa nimeimeza mwaka mzima na zaidi kwa ajili ya wasiwasi, maana watu wengi wanaijua kama dawa ya sonona tu ila na sisi wa hofu tunapewa, nikajiona nimepona nikaacha ghafla bila kumwambia daktari. Wiki ile nikigeuza shingo nasikia kama shoti ya umeme kichwani, kizunguzungu, machozi yanatoka tu, alafu ikaisha nikajua basi yamepita. Mwezi wa 10 niko kwenye daladala karibu na Buguruni hofu ikarudi yote, vidole ganzi, moyo nausikia mpaka masikioni, nikashuka kituo ambacho sio changu nikakaa chini pale pembeni kwa muuza maji.

Nyumbani kulikuwa na vidonge vimebaki, vya miligramu 50, nikameza kimoja kizima jioni ileile kwa sababu dozi yangu si ndo ilikuwa hiyo. Jamani msifanye hivi. Usiku kucha macho kodo, taya zimekaza mpaka asubuhi nashindwa kutafuna mkate, jasho, mikono inatetemeka, na wasiwasi wenyewe ukawa mara mbili ya ule wa kwenye daladala. Nikasema hii dawa sasa imenikataa.

Daktari akaniambia miezi saba mwili umeshaizoea hali ya kukaa bila dawa, kwa hiyo naanza upya kama mgeni: nusu kidonge, asubuhi, baada ya kula, wiki nzima ndo nipande. Akauliza kama natumia tramadoli ya maumivu, maana hizo mbili zikikutana ni hatari. Na akanieleza kitu ambacho mara ya kwanza hakuna aliyenieleza, kwamba serotonini, ile kemikali ya mwili ambayo dawa hii inaifanyia kazi, nyingi yake iko tumboni, ndo maana tumbo linachafuka mapema hivyo, na kwamba wiki moja mbili za mwanzo wasiwasi unaweza kupanda kabla haujashuka, nafuu yenyewe inaanza kuonekana wiki ya pili hadi ya sita.

Basi kila asubuhi nakata kidonge kwa kisu kwenye kibao cha vitunguu, kile cha siku ya tatu kilipasuka vipande vitatu nikavikusanya kwa ncha ya kidole. Kichefuchefu kilikuwepo, kuharisha siku mbili, na miayo, yani miayo isiyo ya usingizi, kumi kwa saa moja. Siku ya tano ndo ilikuwa mbaya kuliko zote. Nililia jikoni, mama akazima jiko akasema mwanangu kunywa uji kwanza, hayo mengine tutayaongea tumbo likiwa na kitu. Mdogo wangu yeye kila usiku ananiuliza, dada, leo kuna mawazo ya kujidhuru? Daktari ndo alimwambia aulize waziwazi, maana wiki hizi za mwanzo zinaangaliwa sana, hasa kwa walio chini ya miaka 25, na mimi nina 23.

Jana nilimjibu hakuna, na ilikuwa kweli. Leo nimepanda kizima, tumbo linaunguruma kidogo, uji nimeumaliza.