Juu mistari, chini magari

Picha ya Nairobi Expressway inayozunguka mtandaoni ni ileile kila siku: mistari myeupe na myekundu ya taa za magari ikipinda juu ya Uhuru Highway, minara ya mjini kwa nyuma, anga ya buluu. Ni nzuri, sikatai. Kinachoniudhi ni kwamba karibu zote zimekatwa pale zege linapoishia, barabara ikabaki inaning'inia hewani. Nusu ya picha iko chini, kwenye nguzo.

Kwa aliyeondoka Nairobi siku nyingi: barabara hiyo ina kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na magari yalianza kupanda Mei 2022. Ikikaribia Uwanja wa Nyayo na kuingia mjini hadi Waiyaki Way, inakuwa daraja moja refu lililobebwa na nguzo. Juu unalipia. Bodaboda, tuktuk na waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Chini ni Uhuru Highway yetu ya zamani, bure, na kila mtu yumo. Najua kuna watakaosema daraja la kupiga picha Nairobi ni lile la reli ya SGR linalokata Mbuga ya Nairobi kwa kilomita kama 6, twiga wakipita chini yake. Haya, lakini mbuga hupokea wageni mchana, na mimi nataka giza linapoingia, anga likiwa bado buluu.

Napigia kwenye paa la jengo moja la maofisi upande wa Haile Selassie Avenue. Sitalitaja, mlinzi wake ameniomba hivyo, na akiniomba jambo silikatai. Paa lile liko juu kidogo ya usawa wa Expressway, na hapo ndipo siri ilipo. Ukisimama sawasawa nayo, ukuta wa pembeni unafunika taa za magari madogo na unaambulia mstari mwembamba kama uzi. Ukipanda ghorofa nyingi mno, unaona lami tupu na nguzo zinapotea. Unataka kuona juu na chini kwa pamoja.

Sasa habari ya muda. Mafunzo mengi ya kupiga picha wakati huu wa jioni yameandikwa na watu wa Ulaya, na ukiyafuata yalivyo utaaibika. London mwezi Juni, jua likizama, mwanga unabaki angani robo tatu za saa na zaidi. Sisi tuko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, jua linashuka wima, na baada ya dakika kama ishirini mambo yamekwisha. Kwa mwaka mzima huku linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kwa hiyo hakuna kubahatisha: Novemba wahi, Februari una nafasi kidogo. Mimi huwa nimeshafunga tripodi na kupanga fremu kabla jua halijagusa paa za mbali, kisha nakaa. Yule mzee mlinzi huja kunishangaa.

"Binti, hii barabara bado haijaisha tu kupigwa?"

"Bado, baba. Leo kuna mawingu."

"Mawingu si yako juu? Wewe umeelekeza hiyo kitu chini."

Ana hoja, ila sikumjibu, maana dakika zenyewe zilikuwa zimefika. Naanza na ISO 100, yaani kamera isihisi mwanga kwa pupa, na tundu la lenzi f/11, dogo. Jua linapozama kabisa, shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, inafunguka kwa sehemu tu ya sekunde. Halafu kila baada ya dakika mbili tatu inabidi kuongeza muda maradufu: sekunde moja, mbili, nne, nane. Zikifika kama kumi hadi ishirini, anga na taa za mji zinalingana, na hapo ndipo ninapokaza. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 hivi kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 15 limeshakata zaidi ya mita 300 na kuchora mstari kutoka ukingo hadi ukingo wa fremu. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, wanaokuja kwako wako kulia kwako, taa nyeupe, na wanaoondoka wako kushoto, nyekundu. Ukiona picha ya Nairobi yenye rangi hizo kinyume, mtu ameigeuza kwenye kompyuta.

Adui mkubwa pale si giza, ni pampu ya maji. Paa limejaa matangi, na pampu ikiwaka sakafu nzima inatetema. Mguuni huwezi kuihisi sana, lakini kamera inaihisi: taa za mbali zinakuwa na kivuli pacha. Dawa yake ni kusogeza tripodi ikae juu ya nguzo ya jengo, karibu na ukuta, maana katikati ya slabu ndiko kunakoruka zaidi. Naning'iniza begi lenye kufuli la pikipiki chini ya tripodi, nazima kidhibiti cha mtikisiko kwenye lenzi, na kubonyeza kwa rimoti. Pampu isipokoma, naacha picha moja ndefu, napiga fupi nyingi mfululizo za sekunde moja moja, kisha naziunganisha nyumbani na kutupa zilizotikisika. Mistari inatoka vilevile.

Zile nyota zenye miale kwenye taa za barabarani, watu huniuliza ni programu gani. Si programu. Ni vile vibapa vinavyofunga tundu la lenzi: ukiwa navyo 7 unapata miale 14, ukiwa navyo 8 unapata 8 tu. Ya kwangu ina 7, basi sina haja ya kujitetea zaidi.

Turudi chini. Saa moja kasoro, Uhuru Highway haitembei. Matatu za Rongai na South B zimebanana, mtu wa njugu anatembea kati ya madirisha. Fungua shata sekunde 20, na tazama kinachotokea. Juu hakuna gari hata moja, kuna mistari tu. Chini hakuna mistari, kuna magari. Ukikuza picha unahesabu viti, unaona stika kwenye kioo cha nyuma cha matatu, unaona mkono wa makanga umeshika mlango. Waliolipa wamefutika, waliokwama wamebaki. Muuza njugu hayupo, kwa sababu yeye peke yake pale chini ndiye aliyekuwa anatembea.

Jambo hili ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, shata ikiwa wazi dakika kadhaa. Barabara ilikuwa na shughuli zake, lakini kwenye picha imebaki tupu, isipokuwa mtu mmoja kwenye kona aliyesimama kung'arishiwa viatu. Huyo hutajwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Kila nikipita Kenyatta Avenue na kuona wale wa kupiga viatu rangi, namkumbuka.

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa harusi mwenye jicho zuri kuliko langu, aliniambia nipunguze ule upande wa chini, taa za breki zinachoma macho. Kuhusu breki yuko sahihi: nyekundu inajaa mpaka inakuwa nyeupe katikati. Kwa hiyo sasa napiga fremu moja ya sekunde mbili kwa ajili ya chini, na ndefu kwa ajili ya juu, kisha naziweka pamoja. Kuhusu kuukata msongamano, hapana. Bila huo, hiyo ni picha ya mji wowote wenye zege na pesa.

Msimu mzuri ni mara baada ya mvua, Aprili au Novemba, lami ikiwa bado mbichi na hewa imeoshwa. Julai usijisumbue, wingu linafunika anga wiki nzima na unatoka na rangi ya uji. Atakayetaka kuja nami aje na koti na kitambulisho, mzee anaandika kila jina kwenye daftari na saa ya kuingia. Asije saa moja na nusu akiniuliza buluu imeenda wapi.