Nzi mwenye jicho mguuni

Juzi namkata kucha binti yangu akaniuliza, mama, mbona kucha haioti kwenye ulimi? Nikamwambia karibu kila seli ya mwili wake inayo maelekezo yote, ya kucha, ya ulimi, ya jicho, ila kila moja inasoma yanayoihusu tu. Akaridhika, akakimbilia kucheza, mimi nikabaki na mkasi mkononi namuwaza yule nzi.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza maabara. Darasani nilishafundishwa kwamba kuna protini zinashika DNA, karibu na jeni au hata mbali nayo, zinaamua jeni inakiliwe au inyamaze, na mtihani niliujibu vizuri tu. Lakini kujibu mtihani na kuona kwa macho ni vitu viwili tofauti. Kaka aliyekuwa ananielekeza alikuwa anarudia jaribio la 1995 la kule Basel, Uswisi, la Georg Halder, Patrick Callaerts na Walter Gehring. Kuna jeni inaitwa eyeless, nzi wa matunda akizaliwa nayo ikiwa na hitilafu macho yanakuwa madogo au hayapo kabisa. Wale jamaa wakaiwasha mahali ambapo kwa kawaida imezimwa, yaani kwenye vile vitishu vya buu ambavyo baadaye vinakuja kuwa miguu, mabawa na vipapasio. Kazi ya kuiwasha wakaipa GAL4, protini ya hamira. Hamira na nzi wapi na wapi, lakini inafanya kazi.

Basi siku hiyo akaniita, "Dada, hebu njoo uangalie hapa." Nikainamia hadubini. Nzi kalala ubavu, kalewa gesi ya kaboni dioksidi, mguu mmoja umenyooka. Mwanzoni naona mguu wa kawaida tu, wa kahawia hafifu, vinywele vimejipanga mistari, halafu nikasogeza lenzi kidogo na katikati ya mguu pakatokea kivimbe chekundu. Nikadhani ni kidonda. Nikaongeza ukuzaji, na hapo ndipo nikaona kile chekundu kimegawanyika vijichumba vya pembe sita, vimepangana safu kwa safu, na katikati yake vinywele vifupi vimesimama, vile vile kama kwenye jicho lenyewe kichwani. Nikapeleka macho kichwani kwa nzi, nikarudi mguuni, kichwani, mguuni. Rangi ile ile kabisa. Kaka wa watu kasimama pembeni kimya ananisubiri na mimi sina la kusema, nilikuwa natetemeka.

Kilichonitetemesha ni hiki: sisi tulichopeleka mguuni ni amri moja tu. Eyeless yenyewe ni protini ya kuwasha jeni nyingine, haitengenezi lenzi wala rangi. Jeni za lenzi, za ile rangi nyekundu, za seli zinazopokea mwanga, zote hizo zilikuwa za mguu wenyewe, zimo humo toka yai, zimekaa kimya, na nzi angezeeka na kufa bila mguu kuzitumia hivyo. Watu wa Basel walienda mbali zaidi, wakaweka jeni ya panya, Pax6, ndugu yake eyeless, na bado likaota jicho la nzi, sio la panya, maana anayetii ile amri ni seli ya nzi na anatii kwa vifaa alivyonavyo. Na sisi binadamu tunayo hiyo hiyo. Mtu akiwa na nakala moja tu nzima ya PAX6 na nyingine haifanyi kazi, mara nyingi anazaliwa bila ile duara yenye rangi ya jicho, au anakuwa nayo kidogo sana, kwa hiyo hata kiasi kina maana, nusu haitoshi.

Watu wengi wakisimuliwa hii habari wanaishia hapo, swichi moja, jicho limeota, basi. Mimi nilirudi kuuangalia ule mguu. Amri ilikuwa imefika eneo kubwa kuliko lile doa jekundu, na sehemu iliyobaki haikujali, ikaendelea kuwa mguu. Nikamuuliza kaka kwa nini, akasema seli nayo lazima iwe tayari. Tayari kivipi? Kuna ishara ambazo seli jirani zinatoa, Dpp na Hedgehog, pasipo na hizo eyeless haifui dafu. Kuna jinsi DNA ilivyoviringwa na kukazwa, pengine protini haipati pa kushika. Kuna protini nyingine zilizotangulia kufika na kuupa mguu umguu wake. Haya yote yamefanyiwa kazi na ni ya kweli, ila nikijaribu kuyaunganisha nieleze kwa nini seli hii hapa ilikubali na jirani yake iliyopakana nayo ikakataa, bado nakwama njiani. Na nadhani swali la ile siku ni hilo, la seli iliyokataa, kuliko la jicho lenyewe.