Kitabu ambacho mwuaji wake namjua

Kazi yangu ni mikataba. Kutwa nzima nasoma vifungu, viambatisho na barua za kujibu barua, nikiwinda palipokosewa. Ndiyo maana nyumbani wanashangaa nikirudi, nikaoga, nikajifunga kanga, kisha nikakaa barazani na kitabu. "Wewe hujachoka tu kusoma?" Nimechoka, tena sana, ila nimechoka kusoma kwa kukagua. Huku kwingine hakuna ninachokagua.

Naona sisi tuliopitia mitihani mingi tumeharibiwa kidogo. Riwaya tulizisoma tukizichambua fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, mpaka hadithi yenyewe inakauka mikononi. Nilipomaliza kidato cha sita nilikaa miaka bila kugusa riwaya. Niliporudi, nilirudi kwa vitabu vya kujifunza uongozi na kuweka akiba, kwa sababu kitabu nilidhani lazima kikuachie faida. Vilinichosha kama ofisi.

Juzi kwenye pantoni ya kwenda Kigamboni mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza, "Binti, mtihani lini?"

"Shikamoo baba. Hakuna mtihani, najisomea tu."

"Marahaba." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa fulani bado hajapata kazi. Baadaye akaomba nimwoneshe jalada, akacheka kwa sauti hadi wenye ndoo za samaki wakageuka. "Bwana Msa! Kumbe bado yupo?"

Yupo, mpelelezi wetu wa hadithini. Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Mwandishi huyo alikuwa pia mhariri wa gazeti la Mkulima, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Namwazia akinyoosha sentensi za habari za mashamba, kisha akikaa pembeni kupanga nani auawe na nani ashukiwe.

Nimekisoma tena na tena, na mwuaji namjua. Watu huniuliza sasa utamu uko wapi. Uko hapohapo! Mara ya kwanza nilikimbia na kurasa, nataka jibu, roho juu. Sasa sina haraka. Bwana Msa akitoa kiko chake na kuanza kuwaza, namwachia awaze. Najum, rafiki yake, akikosa subira, nacheka, maana mimi ninayo. Naweza kusimama kwenye sentensi moja ya Kiunguja, niirudie kwa sauti ndogo, niione ilivyokaa. Nikisinzia katikati ya ukurasa hakuna nilichopoteza. Kesho nafungua popote, na wote nawafahamu.

Pantoni yenyewe haichukui muda kuvuka. Kinachochukua muda ni kule kusubiri Magogoni, kwenye msongamano wa jioni, jua limegeuka na kila mtu anamsukuma mwenzake. Zamani saa hizo nilikuwa kwenye simu. Simu nayo ni kusoma, sikatai, lakini nikishuka ng'ambo nilikuwa nimebeba ugomvi wa watu nisiowajua, na bado bodaboda anasubiri tugombane bei. Nikisoma kitabu, nashuka mwili umelegea, bei napatana bila kukunja uso. Huenda ni sadfa, lakini mwenye bodaboda naye amegundua.

Hali si hivyo kila siku. Kuna jioni narudia mstari uleule bila kujua umesema nini, kwa sababu kichwa bado kiko kwenye kifungu cha malipo ya awali. Siku hizo nakifunga, naenda kuchambua mchicha na mama. Nisingependa kusoma nako kugeuke zamu.

Umeme ukikatika barazani nasogea karibu na taa ya kuchaji, watoto wa jirani wanakuja kuuliza kuna picha? Hakuna picha. Wanaondoka. Mmoja tu, mdogo kuliko wote, hubaki akitaka nimsomee panapotisha. Bado sijamfikisha kwenye maiti. Namsomea za mzimu, anaziba masikio kwa mikono miwili na kusema endelea.

Dada yangu naye sasa anataka kukiazima. Namjua, vitabu vyangu vitatu viko kwake tangu akiwa mchumba, na sasa ana watoto wawili. Nimempa kile cha kuweka akiba.