Nyumba ya Rau iliyoupa mlima mgongo

Mama mdogo alipostaafu ualimu na kuamua kuhamia Dodoma kwa binti yake, aliikabidhi nyumba yake ya Rau, hapa Moshi, kwa dalali. Dalali akafika siku moja saa saba mchana, akapiga picha kumi na moja kwa simu bila hata kuomba mapazia yafunguliwe, akaondoka. Wiki sita zikapita bila mteja yeyote kuomba kuja kuiona. Nilipotumiwa zile picha sikuhitaji kuambiwa sababu: ukuta wa mbele ulikuwa umefifia kivulini, anga lilikuwa jeupe kama karatasi, sebule ilikuwa na giza kama stoo, na katika picha ya jikoni kilichoonekana vizuri zaidi ni ndoo mbili za maji na mtungi wa gesi.

"Mwanangu, wewe si una kamera?" aliniuliza kwenye simu, akiwa hata hajamaliza kuitikia shikamoo yangu.

Ninayo, lakini ni lazima nikiri kwamba jaribio langu la kwanza lilileta aibu kubwa kuliko la dalali. Nilitumia lenzi pana ya simu, ile inayoingiza chumba kizima ndani ya picha moja, nikafurahi kuona sebule ya mama mdogo imegeuka ukumbi wa harusi. Mteja akasafiri kutoka Arusha, kilomita zipatazo 80, akasimama mlangoni, akaitazama sebule, akaitazama simu yake, kisha akauliza kwa upole kama kuna sebule nyingine. Hakukaa hata kunywa chai. Lenzi ya namna hiyo huvuta vitu vya pembeni na kuvisukuma mbali vya katikati, kwa hiyo kochi la karibu huwa refu kama mtumbwi na ukuta wa mwisho huonekana uko ng'ambo. Tangu siku hiyo nimerudi kwenye lenzi ya kawaida ya simu, ambayo kwa simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera kubwa, nami husimama pembeni kabisa mwa chumba, mgongo ukigusa ukuta, simu ikiwa usawa wa kifua na imenyooka, ili fremu za milango zisimame wima badala ya kuinama kama zinataka kuanguka.

Tatizo kubwa la nyumba ile, hata hivyo, halikuwa lenzi bali mwelekeo wake. Inatazama kusini, barabarani, na imeupa mlima Kilimanjaro mgongo. Sisi tuko takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini. Ilikuwa Julai. Ukuta unaotazama kusini katika mwezi huo haupati jua la moja kwa moja asubuhi, mchana wala jioni, na nyuma yake anga linawaka, hivyo kamera ikijitahidi kuuonyesha ukuta inaliunguza anga, na ikiliokoa anga inautia ukuta weusi. Dalali hakuwa na bahati, lakini pia hakuangalia. Ningemshauri yeyote anayeuza nyumba kuanza na jambo hili kabla ya kufagia uwanja: asimame getini asubuhi, adhuhuri na jioni ya siku moja, atazame mwanga unaangukia wapi.

Kwa nyumba inayotazama kusini katikati ya mwaka nimeona njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni kungoja siku ya mawingu mepesi, ambazo Julai Moshi hazina uhaba, kwa kuwa wingu husambaza mwanga sawasawa na kivuli kikali hutoweka. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoichagua, ni kupiga picha dakika chache baada ya jua kuzama, kama saa moja kasoro jioni, taa zote za ndani na za kibarazani zikiwa zimewashwa na mapazia yamefunguliwa. Wakati huo anga hugeuka buluu nzito, madirisha hutoa mwanga wa njano, na nyumba huonekana ina watu wanaosubiri chakula cha jioni. Mkono mtupu hauwezi kutulia katika mwanga hafifu kama huo, kwa hiyo niliiegemeza simu juu ya tofali mbili getini na kuitegesha ijipige yenyewe baada ya sekunde tatu.

Mlima nao ulitaka subira yake. Kibo, kilele chake kirefu zaidi, mita 5,895, kilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mparachichi wa mama mdogo, na ni kosa kuuza nyumba kama hiyo bila kukionyesha. Lakini mwenyeji wa Moshi anajua kwamba mlima hautoki kwa ratiba ya mtu. Nilikesha, kwa maana ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, siku mbili bila kuona hata bonde lake. Siku ya tatu ukafunguka saa kumi na mbili na nusu, theluji ikiwa na wekundu kidogo upande wa mashariki, na kabla ya saa tatu ulikuwa umeshajifunika tena. Nilipiga picha hiyo nikiwa mlangoni pa jiko, ili mnunuzi aone kwamba hayo ndiyo atakayoyaona akisubiri chai ichemke. Sikuuvuta mlima karibu kwa lenzi ndefu. Mlima unaoonekana umekaa juu ya paa ni uongo wa aina ileile ya sebule ya ukumbini.

Ndani kazi ilikuwa ya mikono zaidi kuliko ya kamera. Tulitoa vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kalenda tatu za miaka iliyopita, na ndoo zote. Tukafunika choo, tukafuta kioo cha lenzi kwa kanga safi, jambo dogo ambalo hutibu nusu ya picha zenye ukungu. Taa nilizizima mchana, kwa sababu njano ya balbu ikichanganyika na mwanga wa dirishani huzipa kuta rangi ya homa. Picha za familia mama mdogo alikubali zishushwe, isipokuwa moja.

"Baba yako mdogo hatoki ukutani mpaka nyumba iuzwe," alisema, na akarudi jikoni.

Sikubishana. Nilisogea hatua mbili kushoto, marehemu akabaki mahali pake nje ya fremu. Ufa wa ukuta wa stoo nao alitaka tuusogezee kabati. Hapo nilikataa, nikaupiga picha kwa karibu, na tukakubaliana kwamba atumiwe kila anayeomba kuja, kabla hajalipa nauli.

Hati sikuipiga picha hata ukurasa mmoja, kwa kuwa namba ya kiwanja ikishazunguka mitandaoni hujui itaangukia kwa tapeli gani. Picha nilimtumia dalali kwa WhatsApp kama faili, maana zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Lakini faili hubaki na taarifa zake zote, pamoja na mahali ilipopigwa, hivyo nilikuwa nimeizuia kamera ya simu isihifadhi mahali tangu mwanzo. Wateja watatu wameshakuja, na hakuna aliyeuliza kuhusu sebule nyingine. Nyumba ikifika Oktoba haijapata mtu, jua litakuwa limehamia kusini, nami nitarudi kuupiga ule ukuta wa mbele ukiwa na mwanga wake wenyewe.